Makala Ndefu za Kusomwa na Watu wa Mtera na Uwanda wa Kati

Makala ndefu ya kihabari ni andiko la mambo ya kweli ambalo mwandishi wake amefika mahali pa tukio, amewahoji watu wa pande zinazovutana, amesoma nyaraka zinazohusika, na kisha akaeleza kwa kurasa nyingi jinsi jambo lilivyotokea na kwa nini lilitokea hivyo. Andiko la aina hii hutofautiana na taarifa ya habari, ambayo kazi yake ni kujulisha upesi kwamba jambo fulani limetukia, na hutofautiana vilevile na riwaya, kwa kuwa mwandishi wake hana ruhusa ya kubuni hata jina la mpita njia. Humo huingia ripoti za uchunguzi za magazeti, vitabu vilivyoandikwa na waandishi wa habari na masimulizi ya safari. Katika mazingira ya Tanzania, ambako ni magazeti machache yenye fedha za kumlipa mwandishi akae miezi mitatu juu ya jambo moja, ni haki kuziingiza humo pia ripoti za tume na za kamati za Bunge, kwa sababu mara nyingi ndizo zilizofanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na majarida.

Msomaji wa Mtera, au wa kijiji chochote cha uwanda wa kati, anayetaka kuanza kusoma maandishi ya namna hii anashauriwa asianze na orodha ya maandiko mashuhuri ya dunia. Aanze na jambo analoliona kila siku kwa macho yake, atafute andiko refu linalolieleza, kisha atafute jingine linalopingana na lile la kwanza. Sababu ni kwamba uzuri wa andiko hupimwa vyema zaidi na mtu anayeijua mada yake. Mvuvi wa perege na kambale anayesoma habari za bwawa lake hadanganyiki kwa urahisi, na mazoea ya kuhoji anayoyapata hapo atayatumia baadaye anaposoma habari za Japani au za Urusi.

Kwa mkazi wa Mtera jambo hilo la kuanzia ni maji. Bwawa la Mtera lilijengwa katika miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, na lengo lake la kwanza lilikuwa kuhifadhi maji kwa ajili ya kituo cha kufua umeme cha Kidatu kilichoko chini yake. Kituo cha Mtera chenyewe, chenye uwezo wa megawati 80, kilianza kazi mwaka 1988. Bwawa likijaa, uso wa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini kinachokubalika kwa kufulia umeme ni mita 690. Kila ukame unaporudi, magazeti huandika kwamba kina kimekaribia mita 690, kiongozi hufika kutazama, picha za tope lililopasuka huchapishwa na mgao wa umeme hutangazwa. Taarifa hizo huwa za kweli, lakini haziwezi kujibu swali ambalo mkazi wa Mtera huwa nalo siku zote, nalo ni kwamba maji yamekwenda wapi.

Jibu lililozoeleka kwa miaka mingi lilikuwa kwamba wafugaji na ng'ombe wao katika bonde la Usangu, huko juu ya mto, ndio walioyamaliza maji. Andiko linalopaswa kusomwa na kila mtu anayeguswa na jambo hili ni insha ya mwanaanthropolojia Martin Walsh iliyotolewa mwaka 2012 katika Journal of Eastern African Studies kwa jina la "The Not-So-Great Ruaha and Hidden Histories of an Environmental Panic in Tanzania". Kwa jina ni insha ya kitaaluma, lakini mwendo wake ni wa uchunguzi wa kihabari, kwa kuwa mwandishi hafuati mto peke yake bali anafuata pia maneno yaliyosemwa juu ya mto huo: nani aliyasema kwanza, nani aliyarudia, na jinsi dhana ilivyogeuka kuwa msingi wa maamuzi ya serikali. Walsh aliwahi kufanya kazi katika mradi wa utafiti wa Usangu ulioendeshwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa hiyo anayajua mengi kwa kuyashuhudia.

Jambo la thamani kuliko yote katika maandishi ya watafiti wa mradi huo na waliowafuata ni kutenganisha mambo mawili ambayo habari fupi huyachanganya. La kwanza ni kukauka kwa Ruaha Mkuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, jambo lililoanza kuonekana mwaka 1993, na ambalo watafiti waliliunganisha zaidi na mifereji ya mashamba ya mpunga inayoendelea kuchota maji ya mto hata baada ya mvua kwisha. La pili ni upungufu wa maji katika Bwawa la Mtera, ambalo hujazwa na mafuriko ya masika na si na kijito cha kiangazi, na ambalo hupokea pia maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Kwa hiyo mtu anayeueleza mgao wa umeme kwa kuonyesha picha ya mto mkavu wa Oktoba anaeleza jambo moja kwa ushahidi wa jambo jingine, na maswali ya jinsi milango ya bwawa ilivyofunguliwa na maji yalivyotumiwa katika miaka ya mvua nzuri hubaki bila kuulizwa.

Kosa la namna hiyo lina gharama kwa watu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya mkutano wa kimataifa jijini London kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na wengi walielekezwa mikoa ya kusini ikiwemo Lindi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Familia zilizohamishwa zilistahili kusikilizwa kwa undani kabla ya ng'ombe wao kuswagwa, na maandishi marefu yaliyofuata ndiyo yaliyohifadhi hoja zao. Msomaji anayeyashika maandishi haya akumbuke kuuliza, kila anapokutana na takwimu ya maji, kwamba imepimwa kwenye mto upi, mwezi gani na juu au chini ya mfereji upi. Maswali hayo yamepata uzito zaidi sasa, kwa kuwa maji yanayopita Mtera na Kidatu huishia Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa Desemba 2022.

Kutoka bwawani msomaji anaweza kufuata njia ya umeme mpaka Dodoma mjini, kwa sababu ukame uleule wa 2006 uliopunguza maji ya Mtera ndio uliozaa mkataba wa umeme wa dharura uliopewa kampuni ya Richmond. Taarifa ya Kamati Teule ya Bunge iliyoundwa Novemba 2007 chini ya uenyekiti wa Dk. Harrison Mwakyembe, na kusomwa bungeni Februari 2008, ni mojawapo ya maandiko ya uchunguzi yenye nguvu kuliko mengi yaliyowahi kutolewa kwa Kiswahili. Inafuatilia zabuni hatua kwa hatua, inataja barua na tarehe zake, inaweka maelezo ya shahidi mmoja kando ya maelezo ya mwingine na kuonyesha yanapokosana, na inafanya hivyo kwa lugha ambayo mwananchi aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuifuata kwa utulivu. Anayeisoma hujifunza, pamoja na mambo ya umeme, jinsi zabuni ya umma inavyopaswa kwenda, maarifa yanayomfaa hata anapohudhuria mkutano wa kijiji unaojadili fedha za kisima.

Hata hivyo andiko hilo lisomwe pamoja na Hansard ya siku zile, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yaliyosemwa bungeni. Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu tarehe 7 Februari 2008 huku akilalamika kwamba Kamati ilimhukumu bila kumhoji. Msomaji halazimiki kuamua nani alikuwa na haki ili anufaike na malalamiko hayo. Inatosha ajenge desturi ya kuuliza, katika kila ripoti anayoishika, ni nani anatuhumiwa humo na kama sauti yake imesikika. Uchunguzi ambao mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kujibu haugeuki kuwa uongo kwa sababu hiyo peke yake, ila msomaji anapaswa kujua kwamba upande mmoja wa mezani ulikuwa mtupu.

Kwa njia hiyohiyo ripoti za mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo huwasilishwa bungeni kila Aprili, zinafaa kusomwa kwa vipande. Hakuna haja ya kuzimaliza. Msomaji atafute halmashauri yake, asome hoja, asome majibu ya menejimenti, kisha atazame kama hoja ileile ilikuwepo mwaka uliotangulia.

Mada ya tatu iliyo karibu na Mtera ni kilimo, na hapa uwanda wa kati una hazina ambayo vijana wengi wa Dodoma hawajui kwamba ni yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga kwa mashine, ukilenga kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta yaliharibika kwenye visiki, udongo wa Kongwa ukakauka na kuwa mgumu kama saruji baada ya mvua kukatika, na mvua zenyewe hazikutosha. Januari 1951 mpango ukaachwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mwandishi wa habari Alan Wood, ambaye alikuwa amefanya kazi katika kitengo cha habari cha shirika lililouendesha mpango huo, alitoa mwaka 1950 kitabu kiitwacho The Groundnut Affair, na kitabu hicho kinapaswa kuwemo katika maktaba ya kila shule ya sekondari ya Kongwa, Mpwapwa na Chamwino.

Thamani ya kitabu cha Wood iko katika nafasi aliyokuwa nayo. Aliyaona mambo kutoka ndani, aliwajua waliokosea, na hakuwageuza kuwa wapumbavu. Anaonyesha watu wenye nia njema na haraka kubwa, waliopanga ukubwa wa shamba kabla ya kuijua ardhi. Upungufu wake nao ni wa mtu wa ndani: Wagogo, ambao kwa vizazi vingi walilima uwele na mtama kwa sababu mazao hayo huvumilia ukame, hawana nafasi ya kutosha katika masimulizi yake. Kwa ajili hiyo anayekisoma afuatishe kitabu cha P. Sainath wa India, Everybody Loves a Good Drought, kilichotoka mwaka 1996 kutokana na ripoti alizoandikia gazeti la Times of India kutoka katika wilaya maskini kuliko zote za nchi hiyo. Sainath aliuchunguza ukame kwa kuwafuata watu wanaoteseka nao na kwa kuwafuata pia wanaonufaika na fedha zinazotengwa kwa ajili yake. Aliandika kuhusu miradi iliyoletwa bila mwenyeji kuulizwa, na mkulima wa Ugogo atayatambua mengi humo bila kuhitaji mkalimani wa mazingira. Kati ya vitabu vyote vya kigeni vinavyotajwa hapa, hicho ndicho kinachostahili kutafsiriwa kwa Kiswahili kabla ya vingine.

Ugogo wenyewe umewahi kuandikwa na mwanahabari mapema sana. Henry Morton Stanley alipovuka nchi hii mwaka 1871 alikuwa mwajiriwa wa gazeti la New York Herald, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, How I Found Livingstone, kina kurasa nyingi juu ya Ugogo na juu ya hongo, yaani malipo ambayo misafara iliwalipa watawala wa mahali ili ipite na kupata maji na chakula. Stanley aliyaona malipo hayo kuwa unyang'anyi, na dharau yake kwa wenyeji inaonekana wazi. Kitabu kisomwe kwa sababu ya mambo aliyoyaona, kwa tahadhari juu ya jinsi alivyoyahukumu, na kando yake kiwekwe kitabu cha Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, Dodoma, kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Mnyampala hujulikana zaidi kwa ushairi, lakini kitabu hiki ni kazi ya mtu aliyeuliza wazee na kupanga majibu yao kwa subira, na nchi ambayo kwa msafiri ilikuwa kizuizi cha njiani inaonekana humo kuwa nyumbani kwa watu wenye koo, watemi na sheria.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa Ryszard Kapuściński, mwandishi wa shirika la habari la Poland aliyefika Dar es Salaam mwaka 1962 na ambaye kitabu chake juu ya Afrika, kinachojulikana kwa Kiingereza kama The Shadow of the Sun, kinapendwa dunia nzima. Lugha yake inavutia mno. Hata hivyo wasifu wake ulioandikwa na Artur Domosławski mwaka 2010 ulionyesha kwamba mara kadhaa alivuka mpaka wa habari na kuingia katika ubunifu, na yeyote anayeelewa kwa nini mpaka huo ni muhimu atamsoma kama msanii, wala hatamnukuu kama shahidi.

Kiswahili nacho kina masimulizi ya safari yanayoitazama dunia kwa jicho la huku. Selim bin Abakari alisimulia safari yake ya mwaka 1896 katika Urusi na Siberia, na maelezo hayo yakachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Martin Kayamba alieleza safari yake ya Uingereza katika Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kitabu cha mwaka 1932. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa kuwafundisha wanafunzi kutazama kabla ya kuhukumu hana haja ya kwenda mbali.

Kwa mada nyingine ushauri unaweza kuwa mfupi. Juu ya vita, isomwe Hiroshima ya John Hersey, ambayo tarehe 31 Agosti 1946 ilijaza toleo zima la jarida la The New Yorker kwa kufuata maisha ya watu sita walionusurika bomu la atomiki. Juu ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl, zisomwe sauti zilizokusanywa na Svetlana Alexievich, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2015. Juu ya umaskini wa mjini, kisomwe kitabu cha Katherine Boo cha mwaka 2012 kuhusu mtaa wa mabanda wa Mumbai, Behind the Beautiful Forevers. Juu ya ardhi ya Tanzania, hakuna kilichoishinda ripoti ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992, hasa juzuu ya pili inayoeleza migogoro mmoja mmoja.

Inafaa msomaji ajue pia gharama ya kazi hizi kwa wanaozifanya. Vicky Ntetema wa BBC alichunguza mwaka 2008 mauaji ya watu wenye ualbino kwa kuwaendea waganga waliouza viungo vya binadamu, na kwa sababu hiyo alitishiwa maisha na kulazimika kujificha. Azory Gwanda, aliyeliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji yaliyotokea Kibiti, mkoani Pwani, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hajarudi kwa familia yake. Kuisoma kazi ya watu kama hao kwa makini, na kuilipia inapouzwa, ni heshima ndogo ambayo kila msomaji anaweza kuitoa.

Yako matatizo mawili ya kivitendo. La kwanza ni upatikanaji. Hansard na ripoti za ukaguzi hupatikana bure kwenye tovuti za Bunge na za Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, lakini mafaili yake ni mazito, na mtu wa kijijini anashauriwa ayapakue akiwa mjini penye mtandao mzuri na ayahifadhi kwenye simu ayasome bila bando. Vitabu vya zamani viulizwe katika Maktaba ya Mkoa ya Dodoma na katika maktaba za vyuo. Mtumishi wa maktaba akiombwa kitabu kwa jina la mwandishi na mwaka husaidia kwa haraka kuliko akielezwa mada tu.

Tatizo la pili ni lugha, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandiko yaliyotajwa ni ya Kiingereza. Dawa yake Watanzania walikwisha kuitumia. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu takriban milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu na mmoja wao, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Kikundi cha watu 8 au 10 wanaokutana jioni baada ya kikoba, mmoja wao akiwa mwalimu au mwanafunzi wa chuo anayesoma kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili, kinaweza kumaliza insha ya Walsh kwa mikutano mitatu. Wavuvi na wafugaji waliomo watakuwa na la kusahihisha, na masahihisho yao yaandikwe, kwa sababu huenda siku moja mwandishi akafika kuyatafuta.

Mwenye nafasi ya kusoma andiko moja tu mwezi huu aichukue taarifa ya Kamati Teule ya Februari 2008: imeandikwa kwa Kiswahili, haiuzwi, na chanzo chake ni mwaka ambao maji ya Mtera yalipungua. Atakapoimaliza amtafute Mnyampala, na shule yoyote ya Dodoma isiyokuwa na kitabu chake juu ya Wagogo iombwe kukiagiza.